Mwenyeji Yupi Aliyepona? Shahada ya Uzamili ya Taaluma Mseto na Mafunzo Kutoka Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Katika mjadala kuhusu mafunzo ya uzamili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, swali moja limekuwa likijirudia bila kupatiwa jibu la kuridhisha. Je, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ajichimbie katika taaluma moja hadi aifikie mizizi yake, au aruhusiwe kuunganisha taaluma kadhaa katika shahada moja? Wanaotetea mkabala wa kwanza huukumbusha umma wa wanataaluma kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wanaotetea ule wa pili hujibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana mjadala haujafika mbali. Kila upande umeridhika na methali yake.

Makala haya yanadai kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Shahada ya taaluma mseto haiwezi kuhukumiwa kwa kuitazama orodha ya kozi zake. Inapasa kuhukumiwa kwa kulitazama tatizo ambalo mwanafunzi anakusudia kulitafiti na mahali ambapo tatizo hilo lipo. Mahali panapochukuliwa hapa kuwa mfano ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Wilaya hizo mbili zimetafitiwa na wanauchumi, wanasayansi wa siasa, wanaanthropolojia, wanaikolojia na wanahistoria, kila mmoja akiwa na zana zake, na kila mmoja akaondoka na kipande chake. Aidha, makala yanadai kwamba kiungo kilichokosekana mara nyingi katika tafiti hizo ni lugha, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu ambao hazijautimiza katika kuijenga shahada ya aina hii.

2.0 Dhana ya taaluma mseto

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni taaluma sambamba. Hapa mwanafunzi husoma kozi ya uchumi, ya sheria na ya mazingira, kila moja ikifundishwa na mwalimu wake, kwa istilahi zake na mtihani wake. Mwisho wa safari mwanafunzi huyo huwa na vikapu vitatu visivyojuana. La pili ni taaluma fungamani. Hapa swali moja la utafiti hulazimisha taaluma mbili au zaidi kusahihishana: mwanauchumi hulazimika kueleza kwa nini anaihesabu kaya kama anavyoihesabu, na mwanaisimu hulazimika kueleza neno analolichambua linabadili nini katika maisha ya mtu anayelitamka. Programu nyingi zinazotangazwa kuwa za taaluma mseto ni za aina ya kwanza, ilhali sifa wanazopewa ni za aina ya pili. Wapinzani wa shahada hizi wana haki ya kulalamika kuhusu aina ya kwanza. Wanakosea wanapodhani kwamba hakuna nyingine.

Jambo hili si geni katika Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika kilichokuwa Chuo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa vitivo mbalimbali, kwa hoja kwamba mwanasheria au mhandisi asiyeielewa jamii yake ni nusu msomi. Kutokana na juhudi hizo yalikua masomo ya maendeleo, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Sambamba na hilo, mwaka 1967 ilikuwa imeundwa ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Taasisi zote mbili ziliundwa kwa imani kwamba yapo matatizo ya nchi yasiyokubali kukatwa vipande kwa kufuata mipaka ya idara. Kwa hiyo anayedai kwamba taaluma mseto ni fasheni iliyoletwa na wafadhili anaisahau historia ya chuo chake mwenyewe.

3.0 Ngara na Biharamulo kama uwanja wa utafiti

3.1 Pori, mbung'o na historia

Ngara ni nchi ya vilima vya migomba na maharage, inayopakana na Rwanda na Burundi. Huko Rusumo, mto Ruvubu ukitokea Burundi hukutana na mto Kagera. Biharamulo iko mashariki yake, na sehemu kubwa ya historia yake ni historia ya pori. Kwa muda mrefu pori hilo lilielezwa kuwa ni jambo la asili: mbung'o wapo, malale yapo, basi watu hawapo. Aliyelipinga jambo hilo kwa nguvu zaidi hakuwa mwanahistoria kwa mafunzo. John Ford, mwanasayansi wa wadudu aliyefanya kazi ya udhibiti wa mbung'o Tanganyika, alionesha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971 kwamba uhusiano wa watu, mifugo, wanyamapori na mbung'o ulikuwa mizani iliyojengwa na watu wenyewe kwa vizazi vingi. Mizani hiyo ilivunjwa na sotoka ya miaka ya 1890, magonjwa na njaa zilizofuata, pamoja na sera za wakoloni. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, mwanasayansi wa siasa aliyefundisha Dar es Salaam, aliiendeleza hoja ya aina hiyo kwa eneo pana zaidi la Afrika Mashariki.

Lililo muhimu hapa ni njia iliyotumika. Ford asingefika alikofika kama angeishia kwenye darubini, na mwanahistoria asiyejua tabia za mbung'o asingeona kwamba pori lina tarehe ya kuzaliwa. Hata hivyo, Ford hakuwa mtu wa kila kitu. Alikuwa na mzizi mmoja, yaani elimu ya wadudu, na kutoka mzizi huo akatambaa hadi kwenye historia kwa sababu swali lake lilimlazimisha. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mwanafunzi wa leo anayetaka kujua nani alikuwa na haki gani ndani ya pori hilo kabla halijaitwa pori atalazimika kupita njia hiyohiyo.

3.2 Mgeni na jembe

Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na makazi yake hapo awali, iligeuka kuwa kama mji mkubwa katika siku chache, na muda si mrefu wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Desemba 1996 wakimbizi wa Kinyarwanda walirejeshwa kwao. Wale wa Burundi waliendelea kuishi katika kambi ya Lukole hadi muongo uliofuata.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, methali ambayo Julius Nyerere aliitumia katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa. Huko Ngara methali hizo mbili ziliacha kuwa mafumbo. Wageni walishika jembe kweli, kwa kufanya vibarua katika mashamba ya wenyeji kwa ujira mdogo au kwa chakula. Swali lililobaki ni kama mwenyeji alipona.

Wanauchumi wamelijibu swali hilo kwa njia ya kuvutia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchunguzi wa afya na maendeleo katika kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera. Lengo lilikuwa kuelewa athari za kiuchumi za vifo vitokanavyo na UKIMWI. Hakuna aliyewaza juu ya wakimbizi. Mwaka 2004 watu walewale walitafutwa tena, na data iliyokusanywa kwa ajili ya msiba mmoja ikawa kipimo cha tukio jingine. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionesha mwaka 2010 kwamba karibu na makambi bei za vyakula ambavyo havikugawiwa kama msaada zilipanda sana, na kwamba kaya za vijijini zilinufaika ilhali za mijini ziliumia. Javier Baez, mwaka 2011, alionesha kwamba afya ya watoto wa wenyeji katika maeneo yaliyopokea wakimbizi ilidhoofika. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, mwaka 2014, walionesha kwamba wakulima wenye mashamba yao walipata nafuu, na wale waliotegemea kuuza nguvu zao katika mashamba ya wengine walipunjwa na ushindani wa vibarua wageni.

Miaka kadhaa kabla yao, mwanasayansi wa siasa Beth Elise Whitaker alikuwa amefikia hitimisho linalofanana na hilo kwa njia nyingine kabisa, yaani kukaa vijijini magharibi mwa Tanzania na kuzungumza na watu. Aliona kwamba mwenye uwezo, elimu na nafasi aliigeuza hali ile kuwa faida, na asiye navyo akazidi kusukumwa pembeni. Naye mwanaanthropolojia Simon Turner alikaa Lukole mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuandika juu ya siasa za wakimbizi wenyewe ndani ya kambi.

Tafiti hizi zikisomwa kwa pamoja zinaisahihisha methali. Ukweli ni kwamba mwenyeji mmoja alipona na mwenyeji mwingine aliugua zaidi, na huenda walikuwa jirani. Lakini mwanafunzi aliyefunzwa katika idara moja tu atasoma kipande kimoja cha habari hii. Mwanafunzi wa uchumi ataona bei bila kumwona mtu. Mwanafunzi wa anthropolojia ataiona kambi bila kuona soko. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataijua methali na asijue kwamba imewahi kupimwa kwa takwimu.

3.3 Mpaka na lugha

Suala la tatu ni zito zaidi kwa sababu linagusa haki ya mtu kuishi alipo. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza, ambao nchi yao ni Bugufi, na Washubi, ambao nchi yao ni Bushubi. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu uliofanywa na Malcolm Guthrie, Kishubi na Kihangaza vimo katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha, na ukaribu wa Kihangaza na Kirundi ni mkubwa kiasi kwamba wasemaji wa lugha hizo mbili husikilizana bila taabu. Hali hii ina historia yake. Bugufi ilikuwa pembezoni mwa ufalme wa Burundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1919, Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika. Gisaka, iliyokuwa imekatwa kutoka Rwanda katika mgawanyo huo, ilirejeshwa Rwanda katika miaka ya mwanzo ya 1920. Mpaka ulipita katikati ya watu waliokuwa wakisema lugha moja, na watu hao hawakuulizwa.

Mwaka 2013 jambo hilo la kale lilirudi kwa sura mpya. Katika Operesheni Kimbunga, iliyofanyika katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, Serikali iliwaondoa watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Iliripotiwa kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi nchini kwa miongo mingi, wengine wakiwa na wake, waume na watoto Watanzania. Makala haya hayakusudii kuhukumu uhalali wa operesheni hiyo. Yanakusudia kuonesha ugumu wa swali ambalo ofisa yeyote angekabiliana nalo katika kijiji cha mpakani: Mhangaza ni nani, na Mrundi ni nani? Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza kuwa sharti mojawapo kwa mgeni anayeomba uraia. Haisemi kwamba mzaliwa wa nchi atambuliwe kwa lafudhi yake. Lakini katika maisha ya kila siku mtu husikilizwa kabla ya kuulizwa hati, na mzee wa Bugufi ambaye Kiswahili chake ni cha kubabaisha anaweza kutiliwa shaka kuliko mgeni aliyekulia kambini na kujifunza Kiswahili fasaha.

Ni taaluma ipi itakayolijibu swali hilo? Mwanasheria anaijua sheria na hajui tofauti ya lahaja. Mwanaisimu anaijua tofauti ya lahaja, na akiwa mkweli atakiri kwamba mpaka wa lugha hauendi sambamba na mpaka wa nchi. Mwanahistoria anajua mpaka ulichorwaje, lakini hajui kinachotokea mtu anaposimamishwa njiani. Kila mmoja akifanya kazi peke yake atatoa jibu sahihi lisilomsaidia mtu yeyote. Hapa ndipo taaluma fungamani inapokuwa hitaji la haki.

4.0 Hoja za wapinzani

Wapinzani wa shahada ya uzamili ya taaluma mseto wana hoja tatu ambazo hazifai kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya kina. Inadaiwa kwamba miaka miwili haitoshi kuimudu hata taaluma moja. Hoja hii ni ya kweli, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Hakuna shahada ya uzamili, hata ya taaluma moja, inayomfanya mwanafunzi aimudu taaluma nzima. Humfanya alimudu swali moja. Kama swali lenyewe limekaa katikati ya sheria na isimu, kumlazimisha mwanafunzi asome isimu peke yake hakumpi kina. Kunampa kina mahali pasipo na jibu.

Hoja ya pili ni ya utahini. Tasnifu ya namna hii ikipelekwa kwa watahini wawili wa idara mbili, kila mmoja huipima kwa mizani yake. Wa uchumi huuliza sampuli ilikuwa ya watu wangapi, na wa isimu huuliza matini ya mahojiano yako wapi. Mwanafunzi huadhibiwa mara mbili kwa kosa ambalo si lake. Tatizo hili ni la kweli, nalo ni tatizo la kanuni za chuo. Kanuni hutungwa na watu, na watu wanaweza kuzirekebisha.

Hoja ya tatu ni ya ajira, na ndiyo inayowaumiza wanafunzi zaidi. Idara zinazoajiri wahadhiri hutangaza nafasi kwa jina la taaluma moja. Mwenye shahada mseto hufika akiwa na tasnifu nzuri akaambiwa kwamba si mwanauchumi kamili wala si mwanaisimu kamili. Kumshawishi kijana ajiunge na programu ambayo chuo hichohicho kitaikataa baadaye ni kumdanganya. Kwa hoja hii wapinzani wanashinda, isipokuwa pale ambapo sharti la mzizi, linaloelezwa katika sehemu ya sita, limezingatiwa.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Katika mijadala ya shahada hizi, idara za Kiswahili hukumbukwa mwishoni, zikiombwa kutoa kozi fupi ya lugha kwa wanafunzi wa kigeni wanaojiandaa kwenda uwandani. Idara nazo huridhika na nafasi hiyo ya utumishi. Huku ni kujidharau.

Uchukuliwe mfano mmoja. Msingi wa tafiti zote za kiuchumi zilizotajwa hapo juu ni kaya. Kwa kawaida hojaji huandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa kwa Kiswahili, na uwandani mdadisi au mkalimani huielezea kwa lugha ya kijiji papo kwa papo. Katika Kiswahili cha takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini katika Kirundi neno linalolikaribia, urugo, hubeba dhana ya boma na ua wake, na mwanamume mwenye wake wawili anaweza kusemwa kuwa ana ingo mbili. Je, hizo ni kaya moja au mbili? Shamba ni la nani kati yao? Kibarua mkimbizi aliyelala katika ua huo kwa miezi minne alihesabiwa wapi? Uchunguzi wa Kagera wenyewe unaonesha uzito wa suala hili: kaya zaidi ya 900 za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipofuatiliwa mwaka 2004 zilikuwa zimegawanyika na kuwa zaidi ya 2,700. Watafiti walilitatua tatizo hilo kwa kuwafuata watu mmojammoja badala ya kufuata nyumba, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini swali la maana ya neno ni swali la semantiki, nalo lilistahili kuwa na mtaalamu wake tangu siku ya kwanza.

Hali ni hiyohiyo kwa istilahi za uhamiaji. Neno mkimbizi limetokana na kukimbia, kama vile impunzi ya Kirundi na Kinyarwanda ilivyotokana na guhunga. Lugha hizo zinamtambua mtu kwa alichokifanya, yaani kukimbia hatari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtambua kwa hadhi aliyopewa na mamlaka. Mtu huyohuyo anaweza kuwa mkimbizi kwa jirani yake na mhamiaji haramu kwa ofisa, na sentensi za mahojiano zitapotosha ikiwa mtafiti hajui ni maana ipi inayosemwa. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda miongoni mwa lugha zake, na jina lake lina maana ya kutumaini. Watangazaji wa redio walilazimika kuamua kila siku neno lipi litamfaa msikilizaji wa kambini na lipi litamfaa wa kijijini. Hilo ni zoezi la isimujamii ambalo lingetosha kuwa tasnifu, na linahitaji mtu anayeielewa lugha, siasa na mawasiliano kwa pamoja.

Zaidi ya hayo, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu ilipoanzishwa mwaka 1970, imefundisha kwa Kiswahili na kupokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Tafiti kuhusu Ngara zilizotajwa katika makala haya zimechapishwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kibarua wa Rulenge aliyepunjwa ujira mwaka 1995, na mwalimu wa Biharamulo anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake kilichotokea, hawana njia ya kujua wameandikwa vipi. Mtu ametoa ushahidi kuhusu maisha yake na hajasomewa hukumu. Idara za Kiswahili ndizo zenye uwezo na desturi ya kuirekebisha kasoro hii.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala haya yanapendekeza masharti manne ambayo shahada yoyote ya uzamili ya taaluma mseto inapasa kuyatimiza.

Kwanza, swali litangulie kozi. Mwanafunzi asisajiliwe kwa kuchagua kozi tatu kutoka idara tatu. Asajiliwe kwa andiko fupi linaloeleza tatizo lake na kuonesha kwa nini taaluma moja haitoshi. Akishindwa kuonesha hivyo, aelekezwe katika idara moja bila kuona haya, maana yapo maswali mengi mazuri yanayotosheka na taaluma moja.

Pili, kila mwanafunzi awe na mzizi. Angalau nusu ya mafunzo yake iwe katika taaluma moja inayotambulika, na cheti chake kiitaje. Sharti hili linaijibu hoja ya kina na ile ya ajira kwa pamoja. Ford alikuwa mwanasayansi wa wadudu aliyeijua historia, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Tatu, lugha ya uwandani ihesabiwe kuwa sehemu ya mbinu za utafiti. Anayekwenda Ngara aoneshe kwamba anaifahamu njia ambayo maneno yake yatapita, kutoka Kiswahili hadi Kihangaza au Kishubi na kurudi, na tasnifu yake ieleze dhana kuu zilitafsiriwaje. Msimamizi mmoja kati ya wawili atoke idara ya Kiswahili au isimu kila mara data inapokuwa ya maneno ya watu. Watahini wakae pamoja, waandike ripoti moja.

Nne, matokeo yarudi. Tasnifu iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa zisizopungua ishirini, utakaowekwa katika ofisi ya wilaya na shule za sekondari za mahali palipotafitiwa.

Inaweza kudaiwa kwamba masharti haya yatapunguza idadi ya wanafunzi. Huenda ikawa hivyo. Shahada ya namna hii haikukusudiwa kuwa kimbilio la asiyejua anataka nini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba ubishi kati ya taaluma moja na taaluma nyingi hauwezi kumalizwa kwa methali. Ngara na Biharamulo zimetoa maswali ambayo hayakuja yamegawanywa kwa idara: pori lililotokana na historia, mgeni aliyemponya mwenyeji mmoja na kumuumiza mwingine, na lugha inayovuka mpaka ambao msemaji wake haruhusiwi kuuvuka. Maswali mapya yako njiani. Mwaka 2021 Serikali ilitiliana saini na kampuni ya Kabanga Nickel mkataba uliounda kampuni ya ubia ya Tembo Nickel, ili kuchimba nikeli ya Kabanga wilayani Ngara. Panapochimbwa madini hufuata habari za ardhi, makaburi, miti ya matunda na fidia, na katika kila moja ya hizo sheria, uchumi na maana ya maneno vitakutana katika kikao kimoja cha kijiji. Mtu wa Ngara atakayeulizwa nyumba yake ni ipi na kaya yake ina watu wangapi atahitaji muulizaji anayejua kwamba hayo ni maswali mawili. Vyuo vikuu vina nafasi ya kumwandaa muulizaji huyo sasa, na idara za Kiswahili zisingoje kualikwa.